Nusu ya Mwanvua

Kilosa
11 Agosti 1997

Mdogo wangu Gaudiosa,

Natumaini barua hii itakukuta umeshaosha vyombo, maana najua kabla ya hapo huna muda na mtu. Sisi huku wazima. Wifi yako Lea anakusalimu, mguu bado unamsumbua lakini mdomo haujambo.

Nimepata kazi, usicheke. Kuna shirika linalowasaidia akina mama kukopeshana, na binti mmoja wa ofisini kwao, Elineema, ameniletea kitabu kidogo cha Kiingereza kuhusu biashara. Anataka nikiandike kwa Kiswahili ambacho mama wa Magole au Ruhembe ataelewa bila kusomewa mara mbili. Nilidhani ni kazi ya wiki mbili. Nimekwama ukurasa wa kwanza, kwenye faida.

Wao wana neno moja. Mimi ninayo mengi na kila moja linavuta upande wake: faida, pato, ziada, chumo, maslahi, manufaa, tija. Miaka yote niliyofundisha, faida tulikuwa tunaitaja karibu na ulanguzi, kwa sauti ya kumwonya mtoto. Siku hizi redio inaitangaza kutwa kama habari njema. Mimi nimestaafu katikati ya hayo mawili na sijawahi kuuza hata muwa.

Wewe unauza chakula kwa madereva wa malori mwaka wa tatu sasa. Niambie, faida ni nini? Usinijibu kwa kitabu. Jibu kwa sufuria.

Barua mpe Onesphory, kondakta wa basi letu la Mikumi, atanifikishia. Nisalimie Mwanvua anayepika nawe. Mwambie mwalimu wake wa darasa la nne pale kambi ya mkonge bado anakumbuka mwandiko wake.

Kaka yako,
Wenceslaus


Mikumi
24 Agosti 1997

Kaka Wenceslaus, shikamoo.

Barua nimeipata na nimecheka, umekataza lakini nimecheka. Mwalimu mzima unamuuliza mama ntilie.

Sikiliza basi. Mauzo siyo faida. Wengi hapa barabarani wameanguka kwa sababu hiyo, mtu anaona pochi imejaa saa nane mchana anakwenda kununua kitenge, kesho hana mchele. Nikishauza natoa mchele, maharage, nyama, mafuta, kuni, maji, ushuru wa soko. Halafu namlipa kila mtu: wa kuni, wa maji, Mwanvua. Kinachobaki pale, baada ya kumlipa kila mtu, ndiyo faida, na hiyo ni ya mwenye mtaji kwa sababu yeye ndiye anayelala na wasiwasi. Mtaji unajua ulikotoka. Ni mafao ya marehemu mume wangu Stefano. Angejua gari lililomuua lingenifungulia banda sijui angesema nini.

Madereva wana neno lao, "cha juu". Wanauza dizeli ya tajiri wao kidogo kidogo, wanasema wamepata cha juu. Hilo usiliandike.

Mwanvua ameanza kazi tena. Sikukueleza, mwezi wa tano sufuria la supu lilimmwagikia mkono wa kulia. Nilimpeleka hospitali, nikamtibia, nikamlisha mpaka akapona, yote kwa fadhila zangu tu, hakuna aliyenilazimisha. Vidole viwili havikunjiki vizuri lakini chapati anasukuma kama zamani. Salamu zako zimemfurahisha sana.

Mdogo wako,
Gaudiosa


Kilosa
9 Septemba 1997

Mdogo wangu Gaudiosa, marahaba.

Umenikwamua. Nimeandika hivi: "Faida ni kile kinachobaki kwa mwenye mtaji baada ya kumlipa kila mtu." Elineema ameisoma na kusema haijawahi kuelezwa vizuri kuliko hivyo. Nimemwambia imetoka Mikumi, kwa mtaalamu.

Sasa nimeingia kwenye maneno mengine na sipati usingizi wa mchana. Wewe umeandika "fadhila". Unajua kwamba kwa asili yake neno hilo nalo ni kitu kilichozidi? Waarabu walilitumia kwa kinachobaki, kisha likawa wema anaoutoa mtu kutoka kwenye kile kilichozidi. Kwa hiyo faida na fadhila ni majirani wa karibu kuliko nilivyodhani. Sijui nifanye nini na habari hiyo, nakupa tu.

Pole kwa mkono wa Mwanvua. Mwambie pole yangu.

Wenceslaus


Mikumi
28 Septemba 1997

Kwa Mwalimu Wenceslaus, shikamoo Mwalimu.

Ni mimi Mwanvua. Naandika pole pole kwa sababu ya vidole, utanisamehe mwandiko, si ule unaoukumbuka. Naomba barua hii dada Gaudiosa asiijue.

Barua yako dada aliisoma kwa sauti bandani, wateja wakiwa wamekaa. Alifurahi sana maneno yake kuingia kitabuni. Dereva mmoja akasema, basi mama tupunguzie bei kwa kuwa umekuwa mwandishi, watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Nilikuwa nakata vitunguu.

Mwalimu, nina swali la darasani. Pale palipoandikwa "baada ya kumlipa kila mtu", mimi ni nani? Mimi ni kila mtu, pamoja na wa kuni na wa maji?

Tulianza wawili. Mwaka tisini na nne tulikaa kwenye gogo nyuma ya kituo cha mafuta, dada ana pesa za marehemu, mimi nina masufuria ya mama aliyokuwa akiwapikia manamba kambini, na nilishapika Ruaha miaka miwili, madereva wananijua. Dada akasema, Mwanvua, weka masufuria yako na mikono yako, mimi naweka pesa, tutagawana. Mwaka wa kwanza hapakuwa na cha kugawana, tulikula ukoko. Mwaka wa pili kilipoanza kuonekana akaanza kunipa posho ya wiki. Nilipokea, nikidhani ni kwa muda. Wakati nimelazwa na mkono posho ilisimama. Alinitibia, ni kweli, na alinilisha kwa mkono wake, siwezi kumkana. Lakini kila mteja aliyeuliza habari zangu aliambiwa nimetibiwa kwa fadhila. Sufuria lile lilikuwa la mama yangu, na supu ilikuwa yetu.

Si kwamba nataka ugomvi. Nataka kujua kwenye kitabu nimeandikwa upande gani, wa faida au wa matumizi.

Mwanafunzi wako,
Mwanvua


Kilosa
10 Oktoba 1997

Mwanvua mwanangu, marahaba.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nikampa na Lea, yeye amesema neno moja tu: "Mjibu."

Kitabuni umeandikwa upande wa matumizi. Nimekuandika hivyo mimi mwenyewe bila kujua, na sentensi imenipendeza kwa sababu ilikuwa fupi. Sasa hainipendezi lakini sina nyingine. Yule aliyeweka masufuria na mikono naye ameweka mtaji, hilo naliona. Kwa nini sikuliona kabla, sijui. Pengine kwa sababu pesa zinahesabika kirahisi zaidi kuliko mikono.

Ushauri wangu ni kwamba umwambie Gaudiosa. Mwambie kama ulivyoniambia, na habari ya gogo. Si mtu mbaya. Alipofiwa aliogopa umaskini kuliko watu wengine wanavyouogopa, na mtu mwenye hofu hushika alichonacho kwa mikono miwili. Sitamwambia kwamba uliniandikia.

Mwalimu wako,
Wenceslaus


Mikumi
16 Novemba 1997

Kaka, shikamoo.

Sijui hata nianzie wapi. Mwanvua ameniacha. Jumatatu iliyopita alikuja asubuhi, nikadhani amekuja kuwasha moto, kumbe amekuja kuchukua masufuria. Ananiambia, "Dada, nilitaka tuongee wiki iliyopita ukasema tuongee wateja wakipungua. Wateja hawapungui." Akaweka masufuria kwenye mkokoteni. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Hapo tu."

Na kweli ni hapo tu. Amejenga banda ng'ambo ya barabara, mkabala na langu, tunatazamana. Amecheza upatu na wanawake wenzake kwa siri, kumbe kila wiki alikuwa akiweka kutoka kwenye posho niliyompa mimi. Malori ya Zambia yakifika yanasimama upande wake. Nimeajiri wasichana wawili, mmoja anaunguza wali, mwingine anaogopa nyani wanaotoka mbugani kuja jalalani, akiwaona anakimbia na mwiko.

Nimemtibia, kaka. Nimemlisha kijiko kwa kijiko mkono ukiwa umefungwa. Nimemwogesha. Haya ndiyo malipo. Wewe mwenye maneno mengi, nitafutie neno la mtu wa namna hiyo.

Gaudiosa


Kilosa
27 Novemba 1997

Mdogo wangu Gaudiosa, marahaba, na pole.

Neno uliloomba sijalitafuta. Kabla ya kulitafuta nataka kukuuliza jambo, na nakuomba usinikasirikie: siku mlipoanza, mlikubaliana nini?

Nauliza kama kaka. Pia nauliza kwa sababu ya kitabu, maana nimefika sura ya watu wawili wanaoshirikiana na sentensi zangu zote zinachechemea.

Mvua huku haijapumzika. Mto Mkondoa umejaa.

Wenceslaus


Mikumi
14 Desemba 1997

Kaka, shikamoo.

Onesphory ni mtu asiye na siri. Jana amekula kwangu, akaniambia, "Mama, mwalimu wetu wa Kilosa ana wapenzi wawili Mikumi, kila mmoja na barua yake." Akanyoosha kidole ng'ambo.

Kwa hiyo uliniuliza tulikubaliana nini, na jibu ulishapewa. Nilikuwa natahiniwa.

Haya, jibu langu. Ndiyo, tulisema tutagawana. Watu husema mengi wakiwa hawana kitu. Ungekuwepo ungeona, wanawake wawili kwenye gogo, tunagawana hewa. Baadaye hewa ikawa pesa, nami nikatazama nyuma nikamwona Stefano amelala chini ya lori kule mlimani, nikasema hizi ni damu ya mume wangu, sigawani na mtu. Sikuwa na maneno ya kumweleza hivyo nikamwekea posho. Mwache Mwanvua akuandikie yeye. Ana mwandiko mzuri.

Mimi usiniandikie kwa sasa.

Gaudiosa


Kilosa
19 Januari 1998

Mdogo wangu Gaudiosa,

Nakuandikia ingawa umenikataza. Basi halijafika wiki ya pili hii, barabara ya kuja kwenu imekuwa mto, kwa hiyo hata nikikuandikia ni kama nimetii. Barua itangoja.

Ulisema kweli, nilikuficha. Nilimwahidi Mwanvua, na nilidhani kuficha ndiyo kuwatunza nyote wawili. Nimekuumiza, na naomba radhi.

Treni ya bara imekwama hapa stesheni, reli imechukuliwa na maji huko mbele. Abiria wamejaa, watoto wanalia njaa. Lea, na mguu wake ule, akapika uji akaniambia nibebe ndoo. Nilidhani tunakwenda kuugawa. Akasema, "Tutawauzia, ili kesho tuwe na unga wa kuwapikia tena. Wasio na kitu tutawapa." Gaudiosa, nilisimama kwenye dirisha la behewa na kikombe mkononi, mama mmoja akaniuliza, "Bei gani, mzee?" nikainamia ndoo. Nimesimama mbele ya madarasa maisha yangu yote lakini bei ya kikombe cha uji niliionea aibu. Yeye ndiye aliyenisaidia. Akasema, "Taja tu, baba, si umepika?"

Nikataja. Akalipa, akanywa, akamnywesha mtoto, akanishukuru. Nilirudi nyumbani nimechoka miguu na nina furaha ambayo sikuijua jina. Lea alitoa za unga na kuni, kilichobaki akakigawa mara mbili juu ya meza. Nikamuuliza hii ni ya nini. Akasema, "Ulibeba ndoo."

Sina la kuongeza. Nina hofu kwa ajili yenu. Nasikia na barabara kuu imekatika upande wa Iringa.

Kaka yako,
Wenceslaus


Mikumi
2 Februari 1998

Mwalimu, shikamoo. Idi tumeila salama, kwa matope.

Basi la kwanza limepita leo, nawahi. Usishtuke ukisikia dada aliumwa, sasa hajambo. Ilikuwa malaria, na ilimpanda kichwani. Katikati ya Ramadhani barabara ilikatika, malori yakapanga mstari toka hapa mpaka karibu na geti la mbuga, mabasi pia, watu kama sherehe isiyo na chakula. Unga wangu uliisha upesi. Dada alikuwa na magunia stoo, alinunua mapema, ana akili ya kununua, mimi sina. Lakini banda lake lilikuwa limefungwa. Wale wasichana wameshakimbia. Nikavuka kwenda kumtazama nikamkuta chini, anamwita marehemu mume wake.

Nikatafuta vijana wakambeba mpaka zahanati. Aliporudishwa, nikachukua ufunguo wa stoo mfukoni mwake. Sikuomba, hakuwa wa kuombwa. Nikavusha masufuria ya mama, nikawasha moto jikoni kwake. Nilipika nimefunga, chumvi alikuwa akinionjea dereva mmoja Mzambia, mara nyingine aliongopa ili apate kuonja tena. Mchana napika, jioni nafuturu, namlisha dada uji, nalala mlangoni pake.

Bei sikuipandisha mara mbili kama wengine. Niliipandisha kidogo, kwa sababu kuni zililowa na zilipanda. Waliokosa kabisa walikula.

Mwalimu, yaliyobaki dada atakuandikia mwenyewe. Kuna jambo nataka kulifanya, sijui atalipokeaje.

Mwanvua


Mikumi
1 Machi 1998

Kaka, shikamoo.

Barua yako ya uji imenifikia na ya Mwanvua ninajua alikuandikia, safari hii ameniambia. Nimeanza kusimama. Nilichelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza nijue ninasema nini.

Siku homa ilipoachia nilimsikia Mwanvua jikoni kwangu, nikadhani ni mwaka juzi. Nikaita, "Mwanvua, maharage yameiva?" Akajibu, "Bado." Ndipo nikakumbuka kwamba tuligombana. Nikalala nikifikiri, atanidai, au atanipa kila kitu aseme ni fadhila. Hiyo ya pili niliiogopa zaidi. Nilijua jinsi inavyouma kwa sababu nimeitoa mwenyewe.

Barabara ilipofunguka na malori yakaondoka, alikuja akakaa kitandani kwangu na kikapu cha pesa za mauzo. Alikuwa ameshatoa za mchele, nyama, kuni, na za dawa zangu. Akazigawa mafungu mawili juu ya shuka. Akasema, "Hili lako."

Nikamuuliza, "Na lile?"

"Langu."

Kaka, nilikasirika. Mgonjwa, sina nguvu hata ya kukaa, lakini hasira niliiona inavyopanda. Unga wangu, stoo yangu, banda langu. Nikamwambia, "Nani amekwambia nusu?"

Hakupandisha sauti. Akasema, "Wewe. Pale kwenye gogo."

Hakuna karatasi. Hakuna shahidi, gogo lenyewe walishalichanja kuni. Ningesema sikumbuki, na angeondoka, namjua, asingerudi tena. Nilimtazama mkono, vile vidole viwili visivyokunjika vimelala juu ya shuka. Ukaniingia moyoni uoga wa namna nyingine, si ule wa umaskini. Niliogopa kuwa na mafungu yote mawili pale kitandani na chumba hakina mtu.

Nikamuuliza, "Unga umebaki wa kesho?"

Akasema umebaki kidogo. Nikamwambia basi atoe za unga kwanza kutoka mafungu yote mawili, sawasawa, mimi siwezi kutoa peke yangu. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Asante sikumwambia, na yeye hakusema pole. Tulitoa za unga.

Sasa tunapika kote kuwili. Kwake ni supu na chapati asubuhi, kwangu wali na ugali kuanzia saa sita. Jioni tunaweka pamoja, tunatoa, tunagawana. Wateja wananiuliza kama nimepata nafuu. Nawaambia nimepata. Nilikuwa silifikirii neno hilo, kumbe nafuu na manufaa ni ndugu. Au nimekosea? Wewe ndiye mwalimu.

Kuhusu kitabu chako, kama hakijachapwa ile sentensi yangu itoe. Mwanvua anasema usiitoe, uongeze tu kwamba kwanza wakae chini waambiane nani ameweka nini, na mikono ihesabiwe. Tumebishana asubuhi yote mpaka dereva mmoja amesema chai imepoa. Andika unavyoona.

Njoo na wifi Lea siku mguu ukiruhusu. Mtakula bure siku ya kwanza, ya pili mtalipa, tumekubaliana hivyo.

Nakatisha hapa. Malori matatu yameingia, Mwanvua ananiita kutoka ng'ambo, anasema mtu mwenye nusu yake hakai anaandika barua wakati maji yanachemka. Naenda.

Mdogo wako,
Gaudiosa